Kirukia cha Mama Evelyne

Mungu alipokuwa akigawa unyenyekevu, Wahaya walikuwa darasani. Maneno hayo ni ya Wilbert Kahangwa, Mhaya wa Kimwani kwa kuzaliwa na wa Hamugembe, mjini Bukoba, kwa makazi, na siku hizi huyasema mwenyewe kwa sauti, maana ameona ni afadhali mtu ajicheke mapema kabla majirani hawajapata zamu. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa akichekwa bila kujua, na hiyo ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Alikuwa bwana shamba wa kahawa. Alisoma chuo cha kilimo, akarudi Muleba na cheti, kofia pana na pikipiki ya serikali, akaanza kuwafundisha wazee namna ya kutunza mibuni ambayo babu zao waliitunza kabla yeye hajazaliwa. Walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kufanya walivyozoea. Somo moja tu ndilo lililowaingia, nalo lilikuwa la kirukia, ule mmea mnyonyaji ambao mbegu yake huletwa na ndege, ukaota juu ya tawi la mbuni, ukazamisha mizizi ndani ya gome na kunywa maji ya mwenzake mpaka tawi linakauka. Wilbert alikichukia kirukia kwa moyo wake wote. Katika mkutano wowote wa kijiji, uwe wa zahanati au wa ng'ombe waliopotea, alisimama mwishoni akasema, "Ndugu zangu, kirukia! Kata, shusha, choma!" Watoto wa shule wakimwona na pikipiki yake walipiga kelele, "Choma!" Wakampa jina la Bwana Kirukia, naye kwa miaka mingi aliamini kabisa kwamba ni jina la heshima.

Kazi ilikuwa Muleba, lakini nyumba ilikuwa Hamugembe, katikati ya kibanja alichorithi kwa baba yake mdogo, migomba na mibuni vikiwa vimeizunguka pande zote kama inavyotakiwa. Huko ndiko alikomwacha mkewe Edvina, fundi cherehani mwenye kibanda chake Bakoba. Wilbert alirudi kila mwisho wa wiki kukagua. Na sheria ya kibanja chake ilikuwa fupi: kisicholiwa wala kuuzwa hakikai. Mwaka wao wa kwanza Edvina alipanda waridi mbele ya dirisha. Wilbert aliling'oa, akaeleza kwamba linakaribisha vidukari. Edvina akapanda maua mengine karibu na jiko. Yale nayo yaling'olewa, kwa kuwa yalikuwa yakiinyima migomba rutuba. Baadaye kulikuwa na kopo la maua dirishani ambalo, kwa maelezo ya Wilbert, lilianguka lenyewe. Kila mara alikuwa na sababu ya kitaalamu. Edvina hakubishana naye. Alikwenda zake Bakoba kushona, na Wilbert alidhani ameshinda hoja.

Alipostaafu hakubadilika hata kidogo, ila sasa alikuwa nyumbani wiki nzima.

Ndipo likaja lile ua. Lililetwa na Sista Ephrasia, mdogo wake Edvina, mtawa anayeishi katika nyumba ya watawa huko Muleba na kutunza bustani yao. Alilitaja kwa jina, medinila. Lilikuwa kichaka kifupi chenye mashina ya pembe nne na majani mapana, magumu, yenye mishipa myeupe iliyojichora vizuri, nalo lilikuwa limechanua. Maua yake hayakusimama. Yalining'inia chini kama mkungu mchanga, na juu yake yakafunikwa na vipande vya rangi ya waridi. Edvina alilitundika chini ya upenu wa baraza, penye mwanga wa asubuhi usiounguza. Wilbert aliligeuzia mgongo. Lakini aliona jambo moja: kiti cha mkewe cha barazani, ambacho miaka yote kilitazama barabara, kilikuwa kimegeuzwa kutazama ua.

Masika yalipokaribia, binti yao Evelyne akajifungua huko Mwanza kwa upasuaji, na Edvina akaitwa kwenda kusaidia. Asubuhi ya safari Wilbert alikuwa akihangaika na zipu ya begi.

"Baba Evelyne, hili ua usilipande chini."

"Sawa."

"Usilipe samadi."

"Sawa."

"Linywe, likauke, ndipo linywe tena. Jua kali hapana. Nimesema nini?"

"Umesema nilitunze."

Hakuwa amesikia hata neno moja. Wilbert akikumbuka hapo hujipiga paji la uso, kwa sababu kiziwi ana kisingizio, lakini yeye masikio yake yalikuwa mazima. Tatizo ni kwamba alikuwa anajua tayari, na mtu anayejua tayari masikio yake yako likizo. Nshomile, msomi wa Kihaya anayejiona, ni nshomile. Akikuambia "sawa", ujue anasubiri umalize ili akufundishe.

Bodaboda ilikuwa imeshafika. Edvina alisimama mlangoni, akamtazama.

"Nimekaa kwenye kibanja hiki tangu uliponioa," alisema. "Kila nilichopanda kwa ajili yangu umeking'oa. Hili likifa, usinipigie simu kunieleza. Usinitafutie na sababu. Nitajua tu kwamba humu hakuna changu."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesema leo mvua itanyesha, na hilo ndilo lililomtisha Wilbert. Angepiga kelele, hilo alilizoea. Alibaki barazani na ile zipu mkononi, pikipiki ikakata kona, na kwa mara ya kwanza akaapa kulitunza ua. Kiapo kilikuwa cha kweli. Ujuzi ndio uliokuwa wa uongo.

Siku ile ile alilishusha kulikagua. Alichokikuta kilimhuzunisha. Chungu hakikuwa na udongo! Kulikuwa na vipande vya magome, vijiti, mkaa uliovunjwavunjwa, takataka tupu. "Maskini," alisema, "wamekulaza jalalani." Akachukua jembe. Akalichimbia shimo zuri la mgomba, akajaza samadi ya ng'ombe iliyoiva, akalisimamisha katikati, akalishindilia udongo kwa kisigino, akatandaza nyasi nene juu ili unyevu usipotee. Hakuna Mhaya anayejua kibanja ambaye angeikosoa kazi ile. Wilbert alirudi nyuma hatua kadhaa, akajisikia vizuri, na mvua za masika zikaanza siku hiyo jioni, akaziona kuwa ni baraka.

Majani yalianza kuwa ya njano. Akasema lina njaa, akaongeza samadi. Majani yakaanza kudondoka. Akasema limeshtuka na safari, ingawa lilikuwa limesafiri kutoka barazani mpaka uani. Shina likawa jeusi pale chini. Hapo hakusema kitu. Alifukua kidogo kwa vidole, na harufu iliyomjia puani ilikuwa ya mihogo iliyosahauliwa kwenye maji. Mizizi ilikuwa imeoza. Wilbert alichuchumaa pale kwenye matope na hofu ikamshika, hofu halisi, ya mtu mzima. Hakuwa akiogopa ua. Alikuwa akiliona lile kopo la dirishani, na yale ya jikoni, na lile waridi, na sasa hili, yote yamepangwa mstari mmoja, na mwisho wa mstari Edvina akifungua mlango na begi lake, akitazama, asiseme kitu.

Akampigia simu Sista Ephrasia.

"Sista, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shemeji, umelifanya nini?"

"Nani amesema nimelifanya kitu?"

"Hujawahi kunipigia simu tangu nilipoweka nadhiri. Sema."

Akasema. Alieleza shimo, alieleza samadi, alieleza na nyasi, na kadiri alivyoeleza ndivyo kazi yake ilivyozidi kusikika ya kipumbavu.

"Samadi kiasi gani?" aliuliza Sista.

"Ya kutosha mgomba."

"Yesu na Maria!" Sista alinyamaza, labda akiomba, labda akijizuia kucheka. "Shemeji, huo si mmea wa ardhini. Kwao huko msituni unaota juu ya miti. Mizizi yake imezoea upepo. Mvua inaupiga, inapita, unakauka. Wewe umeuzika."

"Juu ya miti? Ndiyo kusema ni kirukia?"

"Kirukia kinanyonya. Huu haunyonyi mti. Umeukalia tu."

Wilbert aliona hapo taaluma yake inachezewa. "Sista, mimi nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Sijaona kitu kinachokaa juu ya mwenzake bila kumnyonya."

"Dada yangu amekaa kwenye kibanja chako miaka yote hiyo. Amekunyonya nini?"

Wilbert alikohoa, akasema mtandao unasumbua. Sista alimsubiri amalize kusumbuka na mtandao, kisha akampa maelekezo, na safari hii, tuseme kweli, mwanafunzi alisikiliza. Akate zile ncha ambazo bado ni za kijani. Majani mapana ayakate nusu ili yasipoteze maji. Asizichomeke kwenye udongo, bali kwenye magome yaliyovunjwa na mkaa, pamoja na yale majani laini ya kijani yanayoivika miti mizee kama sufu, yakiwa yamelowekwa na kukamuliwa. Afunike na mfuko wa nailoni, aufungue kidogo kila asubuhi hewa iingie, aweke mahali penye joto lakini jua lisipofika. Na samadi asiisogeze hata kwa harufu.

Zilipatikana ncha tatu. Wilbert aliziweka jikoni karibu na mafiga, akawa anaingia na kutoka kama mkunga. Bwana shamba mzima, aliyewahi kuhutubia wilaya, akifunua mfuko wa nailoni na kuvinong'oneza vijiti habari za asubuhi! Ya kwanza ikaoza. Ya pili ikakauka, sababu anaijua mwenyewe, aliichomoa kila mara kuangalia kama imeota mizizi. Ya tatu aliiacha, maana alikuwa ameishiwa na ujasiri. Siku moja aliigusa kwa ncha ya kidole, akaivuta taratibu, ikakataa kuja. Ilikuwa imeshika. Wilbert alifurahi kuliko siku aliyopewa cheti, halafu akaona aibu kufurahi hivyo kwa sababu ya kitu chenye majani mawili yaliyokatwa nusu.

Kila Jumapili Edvina alikuwa akipiga simu. Mtoto hajambo, Evelyne kidonda kimesumbua, atakaa zaidi. Kisha, mwishoni, kwa sauti ya kawaida: "Na ua langu?"

"Lipo."

"Limechanua?"

"Linapumzika."

"Limechoka na nini?"

"Na mvua," alisema Wilbert, na hilo halikuwa uongo wote.

Masika yalipokatika, Sista akamwelekeza alitoe jikoni akalifunge juu ya mti. Achague wenye gome la kukwaruza na kivuli chepesi. Asiliweke kwenye panda, maji yatatuama. Alilaze ubavu kidogo ili mvua iteremke. Kiangazi alinyunyizie maji kwa uchache, maana kiu ndogo ya kiangazi ndiyo inayoukumbusha mmea huo kuchanua ukishakomaa, na siku utakapotoa kikonyo cha ua asiusogeze hata upande, utakidondosha kwa hasira. Wilbert alizunguka kibanja kizima akitafuta mti unaofaa. Miparachichi ilikuwa na kivuli kizito mno. Kila alipogeuka, macho yake yalirudi pale pale: kwenye mbuni mzee wa robusta karibu na dirisha la jikoni, wenye gome zuri, wenye kivuli cha migomba. Mbuni! Alicheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Akalifunga kwa kamba za mgomba, ambazo zingeoza zenyewe mizizi ikishashika, na akalifunga upande unaotazama nyumba, ili mpita njia asilione. Hapo ndipo alipokosea kwa mara ya pili. Angemwambia hata mtu mmoja. Lakini Bwana Kirukia afuge kitu juu ya mbuni na watu wajue? Heri kifo.

Likakua. Mizizi ilitambaa juu ya gome. Wilbert aliikagua kwa kucha, kwa jicho la mpelelezi, akitafuta mahali ilipoingia ndani. Haikuingia popote. Ilishika tu, na mbuni uliendelea kuzaa kahawa yake kama kawaida. Jani jipya likatoka, zima, na mishipa yake myeupe. Akaanza kukaa kwenye kiti cha Edvina asubuhi, akakihamishia jikoni kielekee dirishani, na kama mtu alipiga hodi alikirudisha upesi barazani kitazame barabara.

Mwezi wa tisa Edvina alitoa habari kwamba anarudi Jumamosi. Wiki hiyo hiyo shangazi wa Wilbert akafariki Kimwani. Ilibidi aende kuzika, akamwomba jirani yake Selestine amwangalizie kahawa zilizoiva nyuma ya nyumba. Selestine ni mkulima hasa, mtu mwema asiye na maneno mengi, aliyehamia Hamugembe kutoka Muleba. Ujanani alikaa mstari wa mbele katika mikutano ya Bwana Kirukia, na hakuna aliyeitikia "choma" kwa nguvu kumshinda.

Wilbert aliporudi kutoka msibani, Selestine alikuwa akimsubiri barazani, uso umejaa siri na upendo.

"Poleni na msiba, waitu, mzee wangu."

"Tumeshapoa. Kahawa zikoje?"

"Kahawa nzuri, mzee." Selestine akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Ila nimekusitiri."

"Umenisitiri na nini?"

"Kwenye mbuni wako ule wa jikoni. Mzee, nilikikuta kirukia! Kikubwa, kinene, sijaona cha aina ile tangu nizaliwe. Nikajisemea, Bwana Shamba macho yameanza kuchoka, na watu wakikiona watamcheka. Sikumwambia mtu. Nikakata, nikashusha, nikachoma."

Wilbert alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye ngazi.

"Umechoma."

"Mpaka majivu, kama ulivyotufundisha. Na kilikuwa na ujanja, kilikuwa kimejifunga na kamba."

"Selestine, kirukia gani kinajifunga kamba?"

"Na mimi nilishangaa, mzee. Lakini nikakumbuka maneno yako, ulisema kirukia hakina huruma wala hakikosi mbinu."

Mtu angefanya nini? Wilbert alitaka kulia, akataka na kumrukia mtu huyu mwema shingoni, na alipotafuta mwenye kosa ili amkasirikie, alijikuta anajitazama mwenyewe, akiwa kijana, na kofia yake pana. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amelalamika kwamba watu hawazingatii mafunzo. Huyu mmoja amezingatia. "Kasinge, Selestine," alisema. "Asante sana." Selestine aliondoka akiwa mwenye furaha.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa alfajiri Wilbert alikuwa Muleba kwa watawa, kofia mkononi. Sista Ephrasia alimsikiliza mpaka mwisho, na alipofika kwenye kamba alilazimika kuegemea ukuta wa bustani. Kisha akamfungulia banda la kivuli, akamwonyesha medinila nyingine, changa, yenye afya, iliyoanza kutoa kikonyo.

"Chukua. Inafanana na ile."

"Mama Evelyne atajua?"

"Ua nakupa. Uongo utautunga mwenyewe, mimi nina nadhiri."

Alilipakata mpaka Bukoba bila kugeuza mkono, akikumbuka habari ya vikonyo na hasira zao. Akalifunga juu ya mbuni ule ule, mahali pale pale, na kamba mpya. Uongo aliutunga njiani na ulikuwa mzuri. Hakuna hata haja ya kuusema, aliwaza. Nitanyamaza tu, na kunyamaza si dhambi kubwa.

Edvina alifika Jumamosi mchana. Alikuwa amepungua kidogo, amechoka, ana picha za mjukuu kwenye simu. Aliweka begi, akanywa maji, akapita jikoni akatoka nje, akasimama mbele ya mbuni. Wilbert alisimama nyuma yake.

"Limekua," alisema Edvina.

Wilbert aliitazama ile kamba mpya.

"Na kikonyo kimetoka. Umelihamishia mtini, kumbe ulinisikiliza." Akageuka, akamtazama mumewe usoni. "Sikutegemea, Baba Evelyne. Kusema kweli sikutegemea. Umelitunza."

Mtu mwenye akili angekula sifa hizo, akashiba, akalala. Wilbert mwenyewe anakiri kwamba alizitafuna kidogo. Lakini zilimkwama. Alikuwa amepata hasa kile alichokitaka tangu siku ya ile zipu, na kikamchoma kama sindano, kwa sababu hakikuwa chake.

"Si lenyewe," alisema.

"Unasema?"

"Lako nililiua. Nilichimba shimo, nikatia samadi. Kisha nikaliotesha upya kutoka kwenye kipande, likakua, likatoa jani, jani zuri, Mama Evelyne, ungeliona. Nikalificha kwa aibu, Selestine akalichoma. Hili amenipa Sista jana." Akavuta pumzi. "Sina sababu ya kitaalamu."

Mdomo wa Edvina ukaanza kucheza.

"Najua," alisema. "Ephrasia alinipigia jana kabla hujafika hata stendi. Na ile habari ya shimo alinipa tangu masika. Nilitaka kuona sifa hizi utazila mpaka lini."

"Ulikuwa unajua kila Jumapili?"

"'Limechoka na mvua'!" Edvina alicheka mpaka akashika mbuni. Wilbert naye akacheka, kwa tahadhari kwanza, halafu kwa nguvu. Walipomaliza, mkewe alifuta macho kwa ncha ya kitenge, na uso wake ukatulia.

"Lakini litakatwa tena," alisema. "Umewafundisha vizuri mno. Leo Selestine, kesho mwingine. Mtu yeyote mwenye panga akipita hapa atalichoma kwa heshima yako."

Wilbert alifikiri. Angeweza kuzungushia uzio. Angeweza kulirudisha barazani. Alilitazama ua pale juu ya mbuni, akamtazama Edvina, ambaye alikuwa ameshaliinamia na kupitisha kidole kando ya kikonyo bila kukigusa, na akajua kinachotakiwa ni kitu gani.

Jumatano ibada ya jumuiya yao ilikuwa nyumbani kwake. Majirani walijaa barazani, wakasali, wakasoma, wakapanga zamu za usafi wa kanisa. Mwenyekiti, mama mmoja mkakamavu aitwaye Kokuhirwa, alipofika kwenye mengineyo, Wilbert akanyoosha mkono. Watu wakajiinamia, wakijua ni kirukia.

"Naomba mnifuate nyuma ya nyumba," alisema.

Akawapeleka mpaka kwenye mbuni. Akawaonyesha. Akaeleza yote, kuanzia shimo la mgomba mpaka mafiga ya jikoni, mpaka kiti alichokuwa akikirudisha barazani watu wakipiga hodi. Alipofika kwenye harufu ya mizizi, kina mama walikuwa wameshashikana mabega. Alipofika kwenye "kimejifunga na kamba", Selestine alijifunika uso kwa kofia na watu wote wakalipuka kwa kicheko. Wilbert alisimama katikati ya kicheko kile na kugundua, kwa mshangao, kwamba mtu hafi nacho. Joto lilimpanda masikioni, likashuka. Aliendelea kuongea. Aliwaeleza kwamba hicho hakinyonyi, waje waguse gome waone, na kwamba alichofundisha miaka yote kuhusu kirukia ni kweli, ila si kila kilicho juu ya mwenzake ni kirukia.

Mzee Rugemalira, mwenye kibanja kikubwa kuliko vyote mtaani hapo, hakuridhika. Alisogea mbele na fimbo yake, akakitazama kile kitu kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe.

"Bwana Shamba, kinaliwa?"

"Hakiliwi."

"Dawa?"

"Si dawa."

"Utakiuza?"

"Siuzi."

"Sasa umekiweka kwenye mbuni unaozaa, katikati ya kibanja. Ni cha nini?"

Watu walisogea wasikie jibu la mtaalamu. Wilbert alifungua mdomo, na kwa mazoea akatafuta sababu, akatafuta zile za chuoni na zile za mikutanoni, asipate hata moja. Edvina alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe, hakusogea.

"Ni cha mke wangu," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka.